Chai ya Dirishani

Nimechoka. Nalisema mwanzo kabisa ili nisilirejee kila baada ya mistari miwili, maana anayenisikiliza nyumbani siku hizi anaweza kudhani hilo ndilo jina langu. Jina langu ni Azza. Nimesomesha hesabu miaka thelathini na moja, Nizwa, Sur na hapa Ibra, huku Uarabuni, na wanafunzi wangu wote wanajua kuwa hasira zangu ziko karibu. Mume wangu Khelef alikuwa akinitania, "Mwalimu, hapa si darasani." Siku hizi haniiti mwalimu. Akiamka vizuri ananijua mpaka adhuhuri, na baada ya hapo ananiita "bibi," kwa heshima zote, kama anavyomwita mwanamke yeyote asiyemjua.

Hilo nimelizoea. Nimelilia nikanyamaza. Kilichokuwa kikinitoa roho ni chakula.

Khelef hali nyumbani. Si kwamba hana hamu, wala si meno. Anaamini kuwa nyumba hii si yetu. Nyumba aliyoisimamia mwenyewe toka msingi, akitoka kazini Sur kila Alkhamisi kuja kugombana na mafundi, leo anaiona ni nyumba ya watu na sisi ni wageni tuliopita. Na Khelef kalelewa Unguja, mtaa wa Malindi, na mama aliyemfunza kuwa mtu haendi kwa watu saa ya kula, na chakula kikimkuta basi anasema kashiba. Kwa hiyo nikimwekea sahani anaweka mkono kifuani. "Alhamdulillahi, nimeshiba. Mungu awazidishie." Nikishika kijiko nikamlisha, anafungua mdomo mara mbili, mara tatu, kwa kunistahi tu, anameza kwa taabu macho yakiwa chini, kisha anaubana. Kasahau majina ya watoto wake, lakini adabu za mama yake hazikumtoka hata chembe. Kuna siku nilitamani ningeolewa na mtu asiye na haya.

Pahala pamoja tu alikuwa akila: ndani ya gari, mbele ya mkahawa wa barabarani, chai ikiletwa dirishani. Pale hakuwa mgeni wa mtu. Pale alikuwa mteja.

Anayeishi huku haelezwi, lakini wa mbali nimweleze. Mikahawa yetu ya chai, ile midogo yenye taa za rangi na milango ya aluminiamu, huingii ndani. Unasimamisha gari mbele, unapiga honi moja fupi, na mhudumu anatoka mbio. Unashusha kioo, unasema unachotaka, anarudi nacho. Unakunywa ndani ya gari lako na jirani yako anakunywa ndani ya lake, mnaamkiana dirisha kwa dirisha, mnaulizana hali za wagonjwa, kila mtu anaondoka. Hapa Ibra mkahawa wetu ulikuwa karibu na kituo cha petroli cha njia ya Sur, na mhudumu wetu alikuwa Moidu, mtu wa Kerala, aliyekaa dirishani petu miaka ishirini na sita. Moidu alikuwa na sinia dogo la bati lenye kulabu mbili. Unashusha kioo nusu, yeye anaangika sinia pale juu ya kioo, vikombe vya gilasi vinakaa sawasawa, na chapati ya mayai imekunjwa ndani ya karatasi, bado inatoa moshi. Khelef hakuwa na haja ya kusema kitu. Alikuwa akiinua vidole viwili tu, na Moidu anajua kuwa ni chai mbili, moja hiliki nyingi, moja haina sukari.

Wasichana wa leo nikiwaambia kuwa raha kubwa ya ujana wangu ilikuwa kukaa ndani ya gari mbele ya mkahawa, wanacheka. Wacheke. Tulipooana, mwaka wa sabini na nane, tulikaa Nizwa kwa mama mkwe wangu, keshahama Unguja, watu kumi na wanne chini ya dari moja, na kuta zinasikia hata kikohozi. Mwanamke kukaa mkahawani wakati ule ilikuwa haiwaziki. Lakini Khelef alikuwa fundi wa umeme na alipewa pikapu. Baada ya alasiri anasema anakwenda kukagua nguzo za Manah, na mimi nafuatana naye, eti kumshikia daftari. Tukirudi tunapiga honi. Ndani ya pikapu ile ndimo nilimomjua mume wangu. Ndimo alimoniambia kuwa anaogopa giza, fundi wa umeme mzima! Ndimo nilimomwambia kuwa nina mimba, na mhudumu kasimama dirishani na chai mkononi, hajui neno la Kiswahili, anachekelea kwa kuwa sisi tunachekelea. Ghanim, mwanetu wa kwanza, alitangazwa mbele ya mtu wa chai kabla bibi yake hajajua.

Sur ulikuwepo mkahawa mwingine, ufukweni, sinia zake zimeliwa na chumvi, na watoto kiti cha nyuma wakipigania chipsi za paketi. Watu walikuwa wakienda Wadi Bani Khalid kuangalia maji, sisi tukienda kwa ajili ya chai ya njiani. Kila mji tuliohamishiwa, kabla sijajua wapi naanika nguo, Khelef alikuwa keshajua wapi tutapiga honi.

Basi mwezi wa Oktoba Moidu aliondoka. Magoti yalikuwa yamemshinda, wanawe wakamwita nyumbani. Alikuja dirishani kuaga, kavaa shati jipya, na Khelef akamshika mkono akamwambia, "Inshallah, mpaka kesho." Moidu alinitazama mimi, akainamisha kichwa, akaenda zake. Wiki ile ile mwenye mkahawa aliwaachia wanawe biashara, na wao wakaufunga kuutengeneza upya. Ulifungwa wiki tano. Katika wiki tano zile Khelef aliishi kwa maji, tende mbili za kunistahi, na vijiko vyangu.

Daktari alimpima akakuta kilo arubaini na tisa. Mtu mrefu kama mlango. Alisema atamwona tena baada ya wiki mbili, siku ya Jumapili, na kama uzito umeshuka zaidi atalazwa, atiwe mpira puani, alishwe kwa huo. Nilimpigia simu Ghanim, yuko Maskati na kazi yake, akaniambia pengine ndiyo afadhali. "Mama, na wewe umechoka." Nilimkatia. Sikuwa na haja ya kuambiwa nimechoka na mtu anayelala masaa manane kila usiku. Mimi namjua Khelef. Angeung'oa ule mpira siku ya kwanza, na siku ya pili wangemfunga mikono kitandani. Mikono ile imetia taa nusu ya mkoa huu wa Sharqiya. Sikutaka ifungwe.

Kwa hiyo iliposikika kuwa mkahawa umefunguliwa, nilimvisha kanzu yake ya dishidasha iliyopigwa pasi, nikamvalisha kofia yake, nikamtia garini kwa furaha ya kijinga. Nilisimamisha gari pahala petu. Sikupatambua. Kioo kitupu toka chini mpaka juu, miti ndani ya vyungu, makochi, na vijana wamekaa kila mmoja na simu yake. Nikapiga honi. Hakuna aliyetoka. Nikapiga tena. Hapo ndipo nilipokiona kibao ukutani, kimechorwa honi, imekatwa kwa mstari mwekundu.

Baada ya honi ya nne alitoka kijana mmoja wa watu, kanzu nyeupe, ndevu zimechongwa. Ni Bassam, mtoto mkubwa wa mwenye mkahawa. Bibi yake alikuwa mtu wa Pemba, na Kiswahili cha bibi kwake kimebaki mifupa, na kila mwanamke wa umri wangu ni khalti wake, mama mdogo.

"Shikamoo, khalti."

"Marahaba, mwanangu. Chai yetu iko wapi?"

"Khalti, honi khalas. Sasa kitu iko mpya. Wewe naingia ndani, AC iko, mahali ya familia iko. Au naandika kwa simu, halafu chai yako natoka ile dirisha ya pembeni, wewe nachukua."

"Na mtu wa kuleta garini?"

"Mafi, hakuna, khalti. Watu wawili tu niko nao, wote kwa mashine. Na jirani walishitaki, honi usiku na mchana. Nikileta kwa wewe, wallahi, gari ishirini itapiga honi."

"Huyu ni mgonjwa, Bassam. Hali pahala pengine."

Alimtazama Khelef, akamwamkia kwa Kiarabu, akambusu kichwani kupitia dirishani. "Ammi Khelef, karibu ndani, wewe na khalti, leo juu yangu." Hakuwa mtoto mbaya, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Sikupata wa kugombana naye.

Nilijaribu kumteremsha Khelef. Alitoa mguu mmoja, akatazama kupitia kile kioo, akawaona watu juu ya makochi, wamependeza, wanazungumza. Akaurudisha mguu ndani.

"Hawa wana shughuli yao," alisema. "Hatukualikwa."

Nikamwambia ni mkahawa, si nyumba. Akanipigapiga mkono, kama anayemliwaza mtoto aliyekosa adabu kwa kutojua. Nikaenda dirisha la pembeni, nikachukua chai mbili ndani ya vikombe vya karatasi na chapati mbili ndani ya kijisanduku, nikarudi garini nikampa. Hakupokea.

"Umepata wapi, bibi?"

"Nimenunua."

"Kirudishe. Wenyewe wanatutazama."

Na kweli walikuwa wakitutazama. Nilikunywa chai yangu peke yangu ikanichoma ulimi, nikaendesha gari mpaka nyumbani.

Nyumbani kwangu yupo Mwanamvita, mtu wa Tanga, mwaka wa pili sasa ananisaidia kazi, na ana kichwa chepesi kuliko changu. Nilipomsimulia alisema, "Bibi, si tatizo. Mimi nitakuwa Moidu." Kesho yake tuliegesha gari uani, Khelef ndani, mimi kwenye usukani. Nikapiga honi. Mwanamvita akatoka jikoni mbio na sinia, kajifunga taulo begani, kajitia uso wa kazi. Nilikaribia kucheka, mara ya kwanza mwezi ule. Khelef akashusha kioo, akamwitikia salamu, akaitazama chai. Kisha akautazama ukuta, na mlango wa jikoni, na nguo zetu kwenye kamba.

"Mwambie mwenye nyumba tunashukuru sana," alimwambia Mwanamvita. "Sisi tunapita tu."

Mwanamvita alirudi jikoni na sinia lake. Usiku wakati tunaosha vyombo akaniambia, "Bibi, babu huyu ana adabu mpaka zitamuua." Nilimkaripia asiseme maneno hayo. Lakini ndiyo yaliyokuwa yakipita kichwani mwangu, neno kwa neno, na nililala nayo.

Nilirudi mkahawani siku nne mfululizo. Sijui nilitaraji nini. Pengine ni kwa sababu gari likisimama pale, Khelef huchangamka, hukaa vizuri, hurekebisha kofia, hutazama mlango wa mkahawa. Anangoja. Halafu hatoki mtu. Halafu mimi nakwenda dirisha la pembeni, na yeye anakataa, na tunarudi.

Siku ya tano ilikuwa Alkhamisi. Jumapili ni hospitali. Upepo ulikuwa mkali, vumbi limepanda, na tangu asubuhi Khelef hakutia kitu mdomoni isipokuwa tende moja, na hiyo aliitema ndani ya kitambaa akidhani simwoni. Nilichukua chai na chapati pale pembeni, nikaingia garini, nikamkatia kipande, nikakipeleka mdomoni mwake. Akageuza uso.

"Kula," nilisema.

"Nimeshiba, bibi. Mungu akuzidishie."

"Hujashiba! Hujala siku tatu! Kula, Khelef, utakufa!" Nilipiga kelele. Nilimpigia kelele mgonjwa, vioo viko wazi. "Mimi ni mkeo! Hii chai yako! Nimeinunua mimi! Kula!"

Khelef alishituka akajikunyata mlangoni. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Bibi, taratibu. Watu."

Nikashuka. Niliubamiza mlango kwa kiwiko, vile vikombe viwili nimeshuka navyo, chai inanimwagikia mkononi, nikaenda nikasimama mbele ya gari, karibu na chungu cha mti, nikalia. Sikulia kwa uzuri. Nililia kama mtu anayetapika. Niliwaza kuwa Ghanim ana haki. Jumapili nitampeleka, watie mpira wao, mimi nitarudi nyumbani nitalala siku mbili. Niliwaza hivyo na nikaona raha, na raha ile ilinitia hofu.

Hapo ikalia honi. Moja, fupi.

Niligeuka. Khelef alikuwa kajinyoosha mpaka kwenye usukani, mkono uko juu ya honi. Ndani ya mkahawa vichwa vyote viliinuka. Bassam alisimama nyuma ya kaunta. Hakuna aliyetoka, maana hakuna mtu wa kutoka. Khelef akapiga tena, akarudi kitini pake, akashusha kioo nusu, akanitazama mimi. Mwanamke kasimama mbele ya mkahawa, chai mkononi. Akainua vidole viwili.

Nilitazama nyuma yangu. Hapakuwa na mtu mwingine. Basi nikaelewa.

Ningekuwa na nguvu pengine ningekataa. Ningemwambia tena mimi ni nani, kwa herufi kubwa, kama ubaoni. Lakini sikuwa nazo. Nilivitia vile vikombe vya baridi ndani ya pipa la taka, nikajifuta uso kwa ncha ya shela, nikaenda kwenye dirisha lake.

"Salaam alaykum," alisema.

"Waalaykumu salaam."

"Mgeni wewe hapa. Moidu yuko wapi?"

"Kenda kwao."

"Kenda kwao bila ya kuniaga?"

"Kakuachia salamu. Kasema nikuhudumie mimi."

"Mungu amfikishe salama." Alifikiri kidogo. "Basi nipe chai mbili, dada. Moja hiliki nyingi. Na chapati mbili za mayai. Ile chai ya pili ni ya mke wangu, usitie sukari."

Sikuweza kujizuia. Nikamuuliza, "Mkeo yuko wapi?"

Akakitazama kiti kitupu cha dereva. "Alikuwepo hapa sasa hivi. Kashuka. Atarudi, yeye hendi mbali." Kisha akaniashiria nisogee, akapunguza sauti. "Nkwambie kitu. Yeye hunilisha kwa kijiko. Kama mtoto mchanga, mbele za watu wa ile nyumba. Miye naona haya, dada. Lakini simwambii. Anajitahidi, masikini. Na wewe usimwambie."

"Simwambii," nilisema.

Miezi sita nilivihesabu vile vijiko. Jioni nilikuwa nikimpigia simu Ghanim, leo kumi na moja, leo tisa, kwa fahari, kama mtu aliyepasisha darasa zima. Kumbe kila kijiko nilikuwa nikimvua nguo mbele za watu. Na alinivumilia. Alifungua mdomo kwa kunionea huruma mimi.

Niliingia ndani ya ule mkahawa kwa mara ya kwanza. Sikumwomba Bassam kitu kwa upole. Sikuwa na upole uliobaki. Nilimwambia, "Chai mbili, ndani ya gilasi, si karatasi. Chapati mbili za mayai. Na sinia. Napeleka mwenyewe." Akatoa gilasi za bibi yake alizoziweka rafuni kwa mapambo, akaziosha mwenyewe, akanipa na sinia la plastiki la kijani. Vijana wawili kwenye kochi waliinua simu zao. Sijui walinipiga picha. Wapige.

Nilibeba sinia mpaka garini, upepo unanivuta baibui, nikampitishia dirishani. Khelef akatia mkono mfukoni, akatoa noti ninayomtilia kila siku kwa ajili hiyo, maana bila ya kulipa hanywi, akanipa. Nikampa ahsante. Akaliweka sinia mapajani. Hakugusa kitu.

"Kunywa, itapoa," nilimwambia.

"Namngoja mke wangu."

"Pengine atachelewa."

"Tutakula pamoja," alisema, na ikawa imekwisha.

"Ntamwita," nilisema. Nikazunguka gari kwa nyuma asinione, miaka sabini na magoti yangu haya, nikafungua mlango, nikakaa nyuma ya usukani. Alinigeukia. Sijui alimwona nani. Alinipa gilasi yangu.

"Umekuja? Chai yako hii. Haina sukari, nimemwambia."

Kisha akala. Alikata chapati kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, akaichovya, akatia mdomoni, akatafuna. Mikono yangu niliikalia ili isiende kumsaidia. Yai lilimdondokea juu ya dishidasha, sikulifuta. Alimaliza ya kwanza. Akanitazama, nikamwambia mimi imenitosha nusu, akala na nusu yangu. Akamaliza chai. Kisha akajinyoosha, akapiga honi.

Nilishuka. Nilizunguka gari. Nilisimama dirishani.

"Chai nyingine, dada, ukipata nafasi."

"Ewallah."

Nilikwenda ndani, nikarudi, nikampa, nikazunguka, nikakaa. Akanywa nusu, akapiga honi, akataka chapati. Nilikwenda. Safari hii Bassam alikuwa keshaitengeneza, kanisubiri nayo mlangoni, hakunitazama machoni. Nilipozunguka gari mara ya tatu nilisimama kule nyuma, nikaliegemea. Nikawaza kuwa kesho ni hivi, na kesho kutwa, na Mwanamvita hawezi kunipokea, maana hapa pahala ni lazima awepo mke na lazima awepo mtu wa chai, na wote wawili ni mimi. Jumapili mizani huenda ikasema kilo arubaini na tisa na nusu. Na baada ya Jumapili inakuja Jumatatu. Sikufurahi. Nasema kweli, nilikuwa nimepata nilichokitaka na nilitaka kulala chini pale pale kwenye lami.

Niliingia, nikafunga mlango. Pumzi zilikuwa zikinipanda. Khelef alikuwa ameshika chapati ya tatu, lakini haitii mdomoni, anatazama nje, pale nilipokuwa nimesimama.

"Yule mwanamke wa chai," alisema.

"Ana nini?"

"Kachoka. Nimemwona macho. Kalia yule." Akatikisa kichwa. "Mkahawa mkubwa wote huu na wamemwacha peke yake. Hana wa kumsaidia?"

Alijivuta kidogo upande wa mlango, akakusanya dishidasha yake, kama mtu anayeacha nafasi.

"Mwite," alisema. "Mwambie aingie humu apumzike kidogo, anywe chai na sisi. Asione haya. Mwambie hapa ni kwetu."

Niliegemeza kichwa kitini, nikafumba macho. "Keshaingia," nikamwambia. Alisema alhamdulillahi, akakata chapati yake, na nikamsikia akiendelea kula.